Miaka ya Kanisa la Kwanza na Orodha Ziandikazo

Mwishoni mwa Biblia nyingi, na mwishoni mwa vitabu vingi vya mafundisho, huwekwa ukurasa mmoja ambao watu huusoma bila kuuchungua. Ni ukurasa wa miaka. Upande mmoja imepangwa miaka, na upande wa pili mambo yaliyotukia: mwaka wa 33, kusulibiwa kwa Bwana na Pentekoste, mwaka wa 35, kuongoka kwa Paulo, mwaka wa 44, kufa kwa Herode, mwaka wa 49, mkutano wa Yerusalemu, na kuendelea hivyo hata kufa kwa Mitume. Twataka kuukosoa ukurasa huu, wala si kwa kuwadharau waliotaabika kuutunga, maana kazi yao ni kubwa na ina manufaa.

Kosa tulionalo si kwamba miaka hiyo ni ya uongo. Mingi yake iko karibu na kweli. Kosa ni kwamba yote imepigwa chapa kwa wino mmoja. Mwaka uliothibitishwa na mashahidi wawili wasiojuana, na mwaka uliopatikana kwa kutoa na kujumlisha, na mwaka ambao mtu ameukisia tu ili pasiwe na nafasi tupu, yote imekaa bega kwa bega kama ndugu wa tumbo moja. Msomaji hana njia ya kuipambanua. Basi mwanafunzi hukariri 33 kama akaririvyo aya, na siku moja hufungua Biblia nyingine iliyopigwa chapa mahali pengine akakuta 30. Huja kuuliza ni Biblia ipi isemayo uongo. Mwalimu ambaye hakuambiwa miaka hiyo ilikotoka hana la kumjibu ila ukali, na kijana huondoka akidhani ya kuwa Maandiko yamegombana, kumbe waliotofautiana ni watunga orodha wawili.

Yafaa ijulikane kwanza ya kuwa hakuna mwandishi hata mmoja wa Agano Jipya aliyeandika mwaka kwa hesabu tuitumiayo sisi. Hesabu hiyo haikuwako bado. Iliwekwa yapata mwaka wa 525 na mtawa mmoja aliyekaa Rumi, jina lake Dionysius Exiguus, alipokuwa akitengeneza orodha ya siku za Pasaka. Watu wa zama zake walihesabu miaka tangu kutawala kwake Kaisari Diocletian, aliyewatesa Wakristo sana. Naye Dionysius hakupenda kuliendeleza jina la mtesaji katika hesabu ya Pasaka, akaanza kuhesabu tangu kuja kwake Bwana katika mwili. Nia yake ilikuwa njema, lakini hesabu yake ilikosea kidogo. Wanachuoni walio wengi, wakimfuata Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, huweka kufa kwa Herode Mkuu katika mwaka wa 4 kabla ya Kristo, na Mathayo atuambia ya kuwa Bwana alizaliwa Herode angali hai. Ndiyo maana twaambiwa jambo lisikikalo kama mzaha, kwamba Kristo alizaliwa miaka kadha wa kadha kabla ya Kristo. Kanisa la Ethiopia, lenye hesabu nyingine, hata leo liko nyuma yetu kwa miaka saba au minane, wala hakuna Mkristo wa huko aliyepotewa na imani kwa sababu hiyo.

Mitume na wanafunzi wao walihesabu kama wazee wetu walivyohesabu. Mzee wa kusini mwa Tanganyika hakusema alizaliwa mwaka fulani. Alisema alizaliwa wakati wa Majimaji, na mwenye kujua ya kuwa vita hivyo vilikuwa tangu 1905 hata 1907 ameupata umri wake bila kumsumbua. Hivyo ndivyo afanyavyo Luka. Katika mlango wa tatu wa Injili yake ataja Kaisari, na mwaka wa kutawala kwake, na liwali, na wakuu wengine, na makuhani, kama mtu afungaye mashua kwa kamba nyingi ili isichukuliwe na maji. Mwaka huo wa kumi na tano wa Tiberio, ukihesabiwa tangu kufa kwa Augusto katika Agosti ya mwaka wa 14, waangukia mwaka wa 28 au 29. Na hapo ndipo Yohana Mbatizaji alipoanza kuhubiri. Katika waandishi wote wa Agano Jipya hakuna mwingine aliyetujali hivyo.

Lakini Luka naye ana desturi zake, na mkosoaji wa haki sharti azitaje. Juu ya Kirenio na kuandikwa kwa watu kuna fundo ambalo halijafunguliwa, kwa kuwa Josephus aliweka kuandikwa huko katika mwaka wa 6, Herode akiwa amekwisha kufa zamani. Tena katika kitabu cha Matendo, pale ambapo tungependa sana atufungie kamba, aiacha mashua iende. Tangu Pentekoste hata kufa kwa Stefano, na tangu Stefano hata Kornelio, hatupi mwaka wa Kaisari ye yote. Hutumia maneno kama “siku zile” na “wakati ule”, nayo hayana urefu unaojulikana. Hatumlaumu, alikuwa akiandika jinsi Neno lilivyotoka Yerusalemu likafika Rumi, hakuwa akiandika kalenda. Ila twamlaumu mtunga orodha achukuaye maneno hayo na kuyageuza kuwa tarakimu.

Tena mpango wa milango yake si lazima uwe mpango wa miaka. Katika mlango wa kumi na moja twasoma habari ya njaa aliyoitabiri Agabo, na ya Barnaba na Sauli kupeleka msaada Uyahudi. Na katika mlango wa kumi na mbili twasoma kufa kwa Herode, yaani Agripa, mjukuu wa Herode Mkuu. Asomaye upesi atasema njaa ilitangulia na kifo kikafuata. Lakini kifo hiki twakijua vizuri: Josephus naye akieleza, kwamba mfalme huyo alitokea mbele ya watu mjini Kaisaria amevaa vazi la kung’aa, wakamwita mungu, akashikwa na maumivu ya tumbo akafa, na kwa hesabu yake ya miaka ya kutawala, mwaka ni wa 44. Luka na Josephus hawakunakiliana, maana habari zao zatofautiana katika mambo madogo na kupatana katika lililo kubwa. Na njaa, kwa kumfuata Josephus huyo huyo, ilizidi chini ya maliwali waliokuja baada ya Agripa kufa, na hasa wakati wa Tiberio Alexander, yapata 46 hata 48. Basi Luka alipanga habari zake kwa kufuata mambo yalivyohusiana, na aliyeipanga miaka kwa kufuata namba za milango amemtendea isivyo haki.

Sasa tuje kwenye jiwe, kwa kuwa bila jiwe hili maisha yote ya Paulo yangeelea. Katika mlango wa kumi na nane twasoma ya kuwa Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na ya kuwa Wayahudi walimshitaki mbele ya Galio, liwali wa Akaya, naye akawafukuza asitake kuamua maneno ya sheria yao. Galio huyu ajulikana hata nje ya Biblia, alikuwa nduguye Seneca, mwenye hekima aliyemfundisha Nero. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua ni mwaka gani alikuwa liwali. Ndipo huko Delphi, katika Uyunani, zilipopatikana chembe za maandishi yaliyochorwa katika jiwe lililovunjika. Vipande vinne vya kwanza vilitangazwa mwaka wa 1905, na baadaye vikaonekana vingine hata vikawa tisa kwa jumla. Ni barua ya Kaisari Klaudio juu ya mji ule uliopungukiwa na wakazi, na ndani yake amtaja Galio kuwa rafiki yake na liwali.

Barua hiyo haina mwaka kama wetu, lakini ina kitu kingine. Makaisari walikuwa na desturi ya kuhesabu ni mara ngapi wamepigiwa kelele za ushindi kwa ajili ya vita vya askari zao, na hesabu hiyo iliandikwa pamoja na majina yao. Katika jiwe la Delphi Klaudio ana mara ya 26. Na mjini Rumi liko hata leo lango kubwa la mfereji wa maji uliowekwa wakfu tarehe 1 Agosti mwaka wa 52, nalo limeandikwa mara ya 27. Basi barua iliandikwa kabla ya siku hiyo, na kwa dalili nyingine yaonekana ni katika miezi ya kwanza ya 52. Maliwali wa Akaya kwa kawaida walikaa mwaka mmoja tu, wakishika kazi yapata katikati ya mwaka. Kwa hiyo Galio alifika Korintho karibu na katikati ya mwaka wa 51.

Mtu aweza kuuliza, je, huu si mchezo wa wasomi? Mara ishirini na sita, mara ishirini na saba, mfereji wa maji, yatuhusu nini? Yatuhusu hivi: fundi aliyechonga jiwe la Delphi hakuwa Mkristo, wala Klaudio hakuwa na habari ya Paulo, wala Luka hakupata kuliona jiwe lile likitumiwa kuwa ushahidi wake. Mashahidi watatu wasemao kila mmoja la kwake wamekutana mahali pamoja. Huu ndio mwaka tungeuandika kwa wino mweusi kabisa. Na hata hivyo twalazimika kuongeza neno: Luka haelezi kama mashitaka yale yalikuwa mwanzo au mwisho wa ile miezi kumi na minane, na baada ya hapo asema Paulo alikaa siku nyingi tena. Basi kufika kwake Korintho twaweza kukuweka mwishoni mwa 49 au katika 50, bila kujivunia zaidi.

Kando ya jiwe hili husimamishwa shahidi mwingine. Luka asema Paulo aliwakuta Akila na Priskila, waliokuja kutoka Italia si zamani, kwa kuwa Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, ataja amri hiyo bila mwaka. Aliyetaja mwaka ni Orosius, Mkristo aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tano. Asema ni mwaka wa tisa wa Klaudio, ndio 49, tena asema amelipata neno hilo kwa Josephus. Waliovisoma vitabu vya Josephus tulivyo navyo hawalioni neno hilo ndani yake. Tufanyeje na shahidi ambaye habari yake yapatana vizuri na jiwe, lakini kitabu alichokitaja hakimwungi mkono? Orodha nyingi huandika “49” bila neno. Sisi tungemweka Orosius akae nyuma ya jiwe, amsaidie, wala asipewe kazi ya kubeba nyumba peke yake.

Sasa kutoka jiwe hilo yatupasa kurudi nyuma, na hapa ndipo orodha zikosapo zaidi. Mkutano wa Yerusalemu, katika mlango wa kumi na tano, ulitangulia safari ya Korintho. Basi ulikuwa yapata 48 au 49. Paulo mwenyewe awaambia Wagalatia ya kuwa baada ya miaka mitatu tangu kuitwa kwake alipanda kwenda Yerusalemu kumwona Kefa, tena baada ya miaka kumi na minne alipanda mara nyingine. Kama safari hii ya pili ndiyo ya mkutano, kama wengi wadhanivyo, toa kumi na minne katika 49, wapata 35. Toa mitatu tena, wapata 32. Lakini orodha nyingi zimeandika ya kuwa Bwana alisulibiwa mwaka wa 33! Paulo aliitwaje mwaka wa 32, akiwa amekwisha kuliudhi Kanisa ambalo lilikuwa halijazaliwa? Tumeona vitabu viwekavyo mwaka wa 33 juu ya ukurasa na miaka kumi na saba ya Paulo chini yake, wala mtungaji hakukaa kitako akazitoa hesabu zake mwenyewe.

Njia za kutoka ziko. Wengine husema miaka kumi na minne ihesabiwe tangu kuitwa, na mitatu imo ndani yake. Wengine wakumbusha ya kuwa watu wa kale walihesabu kipande cha mwaka kuwa mwaka. Bwana alizikwa Ijumaa akafufuka Jumapili, nasi twasema siku ya tatu, ingawa ukihesabu saa hazitimizi siku mbili kamili. Kwa desturi hiyo, “miaka mitatu” yaweza kuwa mmoja na vipande viwili, na kumi na minne yaweza kuwa kumi na miwili na vipande vyake. Ndipo kuitwa kwa Paulo kwaweza kusogea hata 34 au 35. Mpaka wa upande wa pili twaujua pia. Paulo awaambia Wakorintho ya kuwa alitoroka Dameski ndani ya kapu, alipotafutwa na liwali wa mfalme Areta. Na mfalme huyo wa Waarabu wa Petra alikufa yapata mwaka wa 40. Kutoroka hakuwezi kuwa baada ya hapo, wala kuitwa kwake hakuwezi kuwa mbali baada ya 37.

Na mwaka wa kusulibiwa wenyewe? Pilato alikuwa liwali tangu 26 hata 36. Ilikuwa Ijumaa, katika sikukuu ya Pasaka, mwezi ukiwa mpevu. Wajuao kuhesabu mwendo wa mwezi wamepata siku mbili zifaazo kuliko nyingine: 7 Aprili mwaka wa 30, na 3 Aprili mwaka wa 33. Tarehe hizi huandikwa kwa uhakika mwingi mno. Wayahudi wa siku zile walianza mwezi kwa kuuona kwa macho, na wakazi wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa neno hilo: kila mwaka wawaona jirani zao Waislamu wakiutazama mwezi wa Ramadhani, mawingu yakiwako mji mmoja wafunga na mji mwingine wangojea kesho. Hesabu ya wanajimu yaeleza mwezi ulipokuwa mbinguni, lakini haielezi kama kulikuwa na mawingu juu ya Yerusalemu.

Sisi twauelekea mwaka wa 30, kwa sababu ya miaka ya Paulo. Yaingia humo bila kusukumwa. Wautakao 33 wana hoja nzuri pia, kwa kuwa Yohana Mbatizaji akianza katika 28 au 29, na Injili ya Yohana ikitaja Pasaka tatu, mwaka wa 30 wawa mfinyu. Neno hili halijakwisha, na mwanafunzi mwenye akili astahili kuambiwa hivyo.

Kuna jambo moja katika saa ambalo wasomaji wa Kiswahili wawapita wasomaji wa Ulaya. Luka asemapo Petro alisimama siku ya Pentekoste saa ya tatu ya mchana, na Marko asemapo giza liliingia saa ya sita, Mwingereza hulazimika kuongeza sita katika kichwa chake ili aelewe. Sisi hatuongezi kitu. Saa za Yerusalemu zilianza jua lilipochomoza, kama zetu. Ajabu ni kwamba vitabu vingine vya mafundisho vilivyofasiriwa kutoka lugha za Ulaya vimebadili saa hizo kwa faida ya Wazungu, kisha vimetuletea sisi mabadiliko hayo, hata mtoto akadhani Roho alishuka saa tisa.

Miaka ya mwisho twaweza kuipita upesi. Feliki kupokewa na Festo wengi wakuweka 59 au 60, na hapo Paulo alisafirishwa kwenda Rumi. Yakobo nduguye Bwana aliuawa mwaka wa 62, kwa habari ya Josephus, Festo akiwa amekufa na liwali mpya Albino hajafika. Mwaka huo u imara karibu kama wa Galio, na bado orodha nyingi zauacha kabisa, kwa kuwa Matendo hayautaji. Moto wa Rumi ulikuwa Julai 64, na Tacitus aeleza jinsi Nero alivyowatwika Wakristo lawama yake akawatesa. Hekalu lilianguka mwaka wa 70, na juu ya hilo hakuna mwenye shaka.

Lakini Petro na Paulo walikufa mwaka gani? Luka amwacha Paulo katika nyumba aliyoipanga, akihubiri miaka miwili, akafunga kitabu. Waandishi wa baadaye walichagua 67 au 68. Wengine waona yafaa zaidi 64, pamoja na wale waliouawa baada ya moto. Tukipewa kazi ya kuitengeneza upya orodha, tungeongeza upande wa tatu, wenye kueleza kwa maneno machache kila mwaka ulikotoka: jiwe, Josephus, hesabu ya Paulo, kisio. Na mbele ya jina la Petro na jina la Paulo, katika upande wa miaka, tungeandika “kati ya 64 na 68”.